Amri ya Gatini na Amri ya Majini

Mtu akisimama Kinampanda, juu ya uwanda wa Iramba, akaelekeza macho magharibi ambako nchi hushuka kwa ghafula kuelekea mbuga za Wembere, hawezi kudhani kwamba katika mahali hapa panapojulikana kwa chuo cha ualimu na mashamba ya alizeti pana wazee wawezao kubishana tangu alasiri hadi magharibi juu ya haki za nahodha. Lakini ndivyo ilivyokuwa, tangu kijana wa jirani yangu alipopata nafasi ya masomo katika Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam, na baraza letu likaanza kuzungumza habari za meli, na hasa ile meli mpya ya Ziwa Viktoria, MV Mwanza, iliyojengwa kubeba abiria 1,200 na shehena ya tani 400. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa ilimu na insafu nyingi, akashika rai kwamba meli ni ya nahodha, na ikizama afungwe nahodha, yakaishe maneno. Wengi walimkubalia. Mimi nilinyamaza jioni ile, kwa sababu umri wangu wa kazi niliumaliza katika meli za shehena, ziwani kwanza na pwani baadaye, nikaanza na kusugua sitaha na kuishia mkuu wa kikosi kidogo cha meli, mwenye meza na simu nchi kavu, na nilijua kwamba jawabu langu lingekuwa refu kuliko subira ya baraza.

Ninaloshika mimi ni hili: penye meli zaidi ya moja chini ya mkuu mmoja, amri huwa mbili. Mkuu wa kikosi huamua meli ipi iende wapi, ichukue nini na ifike lini. Nahodha huamua kama nanga ing'olewe au ising'olewe. Nimeona maafa yakizaliwa pale mmoja alipotwaa amri ya mwenziwe, nami sikumbuki kuyaona yakizaliwa pale kila mmoja aliposhika yake.

Aliyenifungua macho kwanza hakuwa baharia. Alikuwa mzee wa hapa kwetu, askari wa zamani wa Keya, jeshi la Kiingereza la Afrika Mashariki, aliyepelekwa Burma katika Vita Kuu ya Pili, ambaye tulipomwendea sisi watoto wachunga mbuzi ili atusimulie habari za bunduki na msitu, yeye alitusimulia bahari. Alivuka kutoka Kilindini kwenda Colombo katika meli iliyojaa askari ambao wengi wao, kama yeye, hawakupata kuona maji makubwa kuliko yale ya ziwa Kitangiri, na alisema kwamba huko melini alijifunza hofu ambayo risasi hazikumfundisha. Nilipokuwa mtu mzima nikasoma habari za msafara mwingine wa njia hiyohiyo, uliotoka Kilindini mapema Februari 1944 ukiwa na meli tano za kubeba askari, manowari zikiulinda. Tarehe 12 ya mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido meli moja, Khedive Ismail, nayo ikazama kwa muda usiotimia dakika mbili. Watu 1,297 walikufa, wengi wao vijana wa Afrika Mashariki wa kikosi cha mizinga, na pamoja nao wauguzi wanawake. Manowari mbili, Petard na Paladin, zilirudi pale ilipozama. Na nyambizi ikawa imejificha chini kabisa ya mahali wale walionusurika walipokuwa wakielea, ikambidi mkuu wa manowari aangushe mabomu ya kina katika maji yale yale yaliyokuwa na watu wakiinua mikono kumwita.

Nilipompelekea mzee habari hizo, nikiwa nimekuja likizo, nalitaraji alaani. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, aliyetoa amri ile alikuwa akiyaona maji kwa macho yake." Wala hakuongeza neno, nami nilihitaji miaka mingi kuelewa kwamba hakuwa akimsamehe mtu yule wala hakuwa akimhukumu, bali alikuwa akiniambia ni nani mwenye haki ya kubeba mzigo wa namna ile. Mkuu wa msafara husailiwa kwa ajili ya meli zote zilizobaki juu ya maji. Nahodha husailiwa kwa ajili ya roho zilizomo katika meli yake. Dhamana hizi mbili zikikutana uso kwa uso, hakuna kitabu kitakachoondoa uchungu, lakini angalau aamue aliyepo.

Linganisha na kadhia iliyotukia mwaka mmoja na nusu hivi kabla yake, katika bahari ya barafu ya kaskazini. Msafara wa meli 35 za shehena, ulioitwa PQ 17, uliondoka Iceland kupeleka silaha Urusi, na usiku wa tarehe 4 Julai 1942 mkuu wa jeshi la majini la Kiingereza, Dudley Pound, akiwa ofisini London na akihofu kwamba manowari kubwa ya Kijerumani Tirpitz imetoka, aliamuru msafara utawanyike na kila meli ijitafutie njia. Tirpitz ilikuwa haijatoka. Manowari zilizoulinda ziliondoka, na zile meli za shehena, moja moja, zikawindwa na ndege na nyambizi hata zikazama 24. Simtaji Pound ili kumdhihaki maiti, kwani alikuwa na sababu zake na habari alizokuwa nazo zilikuwa pungufu. Namtaja kwa kuwa alitoa amri ambayo asili yake ni ya mtu aliye juu ya maji, naye alikuwa amekaa kitini.

Nikaingia kazini Mwanza katika zama ambazo reli ya Afrika Mashariki ilikuwa moja, na mabehewa ya mizigo yalikuwa yakivushwa ziwani bila kupakuliwa, ndani ya meli mbili zilizojengwa kwa kazi hiyo katika miaka ya 1960, MV Umoja na MV Uhuru. Sitaha zake zilitandikwa reli, na meli ilipofunga gatini, daraja la chuma liliteremshwa hata reli za nchi kavu zikakutana na reli za melini, kichwa cha treni kikayasukuma mabehewa ndani polepole. Mgeni akitazama huona kazi nyepesi. Lakini behewa lenye shehena ni uzito mkubwa unaoingia kwa mara moja upande mmoja wa chombo kinachoelea. Ukijaza njia ya kulia kabla ya kushoto, meli hulala ubavu, daraja hupindika, na behewa linalofuata huacha reli. Kwa hiyo msaidizi wa nahodha alisimama mlangoni na bendera mkononi, akiyaingiza ya kati kwanza, kisha moja kulia, moja kushoto, huku jicho likiwa kwenye kitimazi cha shaba kilichoning'inizwa ukutani, na kila kilipotoka katika alama yake kwa upana wa kidole alikunja bendera na dereva wa treni akasimama papo hapo. Baada ya hapo mabaharia waliyafunga mabehewa kwa minyororo, serahangi akiugonga kila mmoja kwa nyundo na kuusikiliza mlio wake.

Nasimulia haya kwa kirefu kwa ajili ya jambo moja nililoliona hapo. Mkuu wa meli zote alikuwa na ofisi yake hatua chache tu kutoka gatini. Nahodha aliajiriwa naye, akapandishwa cheo naye, akapewa ratiba naye. Hata hivyo, siku alipotaka kuiona shehena, mkuu yule alikuja hadi mwanzo wa ngazi ya meli, akavua kofia, akasimama. Hakupanda. Alingoja mpaka nahodha ashuke amkaribishe. Nilidhani ni adabu za kizamani tu, nikacheka na wenzangu. Serahangi akatukaripia, akasema kwamba mkuu anamwonyesha kila baharia anayetazama kuwa juu ya ngazi hii neno la mwisho si lake. Maana baharia ni mtu wa kutazama. Akimwona mkuu wa nchi kavu akipanda na kuanza kumwelekeza nahodha mbele ya watu, usiku wa tufani atakapoamriwa afunge mlango au akate kamba, atageuza shingo kwanza kutafuta yule mkubwa zaidi yuko wapi.

Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda, vilinikuta ziwani bado, nikiwa msaidizi wa pili. Daraja la Kyaka, juu ya mto Kagera, lilikuwa limevunjwa Novemba 1978, na meli za mizigo na za abiria zikawa zikivusha askari na zana kuelekea Bukoba. Halikuwa jambo geni katika ziwa lile: katika vita vya kwanza vya dunia, meli za reli ya Uganda kama Winifred, Nyanza na Usoga, zilizoundwa kubeba pamba na ngozi, zilifungwa mizinga, na mnamo Juni 1915 ndizo zilizowapeleka Waingereza kuushambulia mji wa Bukoba. Meli ya shehena haichagui. Ikifika vita huwa chombo cha vita, na ndipo suala la amri hugeuka kuwa zito, kwa kuwa sasa melini mna wakubwa wawili na kila mmoja ana bunduki au ana usukani.

Usiku mmoja ofisa wa jeshi, kijana mwenye haraka ya haki kabisa, alitaka masanduku ya risasi yaliyobaki gatini yapakiwe yote, wala yasishushwe chini bali yapangwe juu ya sitaha, kwa sababu kupanga chini kungetuchelewesha hadi alfajiri. Nahodha wetu, mzee wa maneno machache, hakumjibu kwa sheria. Alimchukua mkono, akampeleka ubavuni mwa meli na tochi, akamwonyesha alama ya kikomo cha shehena iliyochorwa kwenye chuma, na jinsi maji yalivyokuwa yamekwisha kuigusa. Kisha akamwambia kwa upole kwamba askari wote ni wa ofisa, masanduku yote ni ya ofisa, na akifika ng'ambo atapigana apendavyo, ila kati ya gati hili na gati lile wote ni wa nahodha. Ofisa akatazama maji. Akatazama askari wake waliokuwa wamelala juu ya mabegi. Akapiga saluti, nadhani ndiyo saluti pekee aliyompigia raia katika vita vile, na masanduku yakabaki kungoja meli nyingine.

Alama ile ina historia. Mbunge wa Kiingereza Samuel Plimsoll alipigana na wenye meli waliozipakia kupita kiasi wakijua kwamba zikizama bima italipa, hata sheria ya mwaka 1876 ikalazimisha kila meli kuchorwa kikomo ubavuni. Kilichonishangaza nilipoisoma ni kwamba sheria ile hapo kwanza haikusema mstari uchorwe wapi. Mwenye meli alichagua mwenyewe, na ilipita miaka kadhaa kabla ya serikali kumwondolea uhuru huo. Alama isiyo na mtu wa kuisimamia ni rangi tu.

Nikahamia pwani. Huko nilikuwa msaidizi wa kwanza wa nahodha katika meli ndogo ya shehena, moja kati ya kadhaa za tajiri mmoja ambaye sina haja ya kumtaja. Tulikuwa katika bandari ya kusini, korosho zimejaa ghalani, na wakala wa tajiri, kwa simu ya upepo, aliamuru tuongeze magunia baada ya alama kuzama. Nahodha akakataa. Wakala hakugombana naye hata kidogo, na hapo ndipo palipokuwa na hila: alimshukuru, akamwambia apumzike, na kesho yake asubuhi ukafika mkoba wa nahodha mwingine, na mwenyewe nyuma yake. Magunia yakapakiwa. Tukasafiri, bahari shwari kama maji ya mtungini, tukafika Dar es Salaam salama salimini.

Watu wengi nikiwasimulia hungoja niseme kwamba tulizama. Hatukuzama, na ndiyo maana kisa hiki nakiona kibaya kuliko vingi. Lau tungezama, ofisi ingeshtuka. Kwa kuwa tulifika, ofisi ilijifunza kwamba yule wa kwanza alikuwa mwoga na huyu wa pili ni mwanamume, na manahodha wote wa kikosi kile wakajifunza kwamba neno "hapana" bei yake ni kazi. Tangu hapo sikusikia tena mtu akikataa. Kikosi kilikuwa na manahodha wanne na hakikuwa na nahodha hata mmoja.

Ndiyo maana nikisikia majina ya maafa yetu siwezi kuishia kwa mtu aliyeshika usukani. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu wakaangamia hali wanaona nchi kavu. Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba usiku wa Septemba 2011 ikiwa imejaa kupita kiasi. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, nacho kilikuwa na idhini ya kubeba watu 101, na ikatangazwa na Rais Magufuli kwamba usukani alikuwa ameachiwa asiye na mafunzo. Katika kila msiba wa namna hii umma huuliza nani alikuwa nahodha, na ni swali la haki. Nahodha aliyeuacha usukani wake amejivua heshima yake mwenyewe na mimi simtetei. Lakini abiria hawakupanda kwa mara moja kutoka hewani. Palikuwa na gati, palikuwa na mkata tiketi, palikuwa na safari za jana na za juzi ambazo wingi ulikuwa uleule na hapana aliyepiga kelele.

Ulimwengu wenyewe ulichelewa kuliona hilo. Mnamo Machi 1987 kivuko cha Kiingereza, Herald of Free Enterprise, kilitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya omo ikiwa wazi, kikapinduka, wakafa watu 193. Baharia wa kufunga mlango alikuwa amelala. Wachunguzi wangeweza kuishia kwake. Wakapanda juu, kutoka kwake hadi kwa nahodha, na kutoka kwa nahodha hadi kwa wakurugenzi, wakakuta kwamba manahodha walikuwa wamekwisha kuomba wawekewe taa ya kuwaonyesha kama mlango umefungwa, na ofisi ikaona ni upuuzi. Kutokana na misiba kama huo ikatungwa kanuni ya kimataifa ya usimamizi wa usalama wa meli, iliyoanza kushurutishwa kwa meli za abiria Julai 1998 na kwa meli nyingine za shehena mwaka 2002. Ndani yake mna mambo mawili ambayo ningependa kijana wetu ayahifadhi kama alivyohifadhi jedwali la kuzidisha. Kwanza, kampuni iandike wazi kwamba nahodha ana mamlaka yapitayo yote katika mambo ya usalama. Pili, nchi kavu awepo mtu maalumu, anayejulikana kwa jina, ambaye melini wanaweza kumfikia na ambaye yeye anaweza kumfikia mkubwa wa juu kabisa bila kupita kwa wakala wala karani. Katika vikosi vingi vya meli nilivyovijua, cheti kinachothibitisha hayo kimetundikwa ukutani katika kioo kizuri, na mtu maalumu mwenyewe ni yule yule wakala.

Nilipokabidhiwa kikosi changu mwenyewe, meli chache za mizigo zilizokuwa zikienda Unguja na Pemba na mara mojamoja Mtwara, nilitia sharti moja kwa tajiri kabla sijatia sahihi: nahodha akikataa kung'oa nanga, nahodha wa badala asiletwe mpaka mimi mwenyewe niwe nimesimama katika sitaha ile. Hayo tu. Sikutaka kanuni ndefu. Nilijua kwamba mtu akishasafiri usiku kwa basi ili kwenda kumwambia mwenziwe usoni kwamba yeye ni mwoga, aghalabu akifika na kutazama maji hulimeza neno lake.

Sharti lile lilijaribiwa katika mwaka wangu wa mwisho. Meli ilikuwa Dar es Salaam imepakia vitunguu vya kwetu Singida kwa ajili ya soko la Unguja, na nahodha, kijana mwenye vyeti vizuri, akakataa kutoka kwa kuwa hakuridhika na upepo wa kusi. Nikaenda. Nikasimama naye sitahani, nikatazama mawingu, bendera na mawimbi nje ya mlango wa bandari, na kwa ujuzi wangu wote sikuona la kumzuia mtu. Majahazi mawili yalipita mbele yetu yametweka matanga yakielekea Unguja. Nikamwambia kwamba mimi ningetoka. Akanijibu kwa adabu, "Shikamoo yako naijua, mzee, lakini usiku huu sitoki." Nikashuka ngazi.

Vitunguu vilikaa siku hiyo na ya pili yake chini ya turubai, vikaanza kuchipua na kunuka, wanunuzi wakapunguza bei, na tajiri akaniita nieleze hasara ile ni ya nani. Nikamwambia ni yangu, akaikata katika haki zangu za mwisho wa mkataba. Majahazi yale mawili nilisikia kwamba yalifika salama. Nahodha alitoka asubuhi ya tatu, upepo ukiwa uleule kwa macho yangu, na katika daftari la safari, mahali pa sababu ya kuchelewa, aliandika kwa mkono wake "uamuzi wa nahodha", nami nikatia sahihi chini yake.